Video za "kufundisha" watoto wachanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yameokotwa kule yanakoulizwa kweli: kwenye benchi la kliniki siku ya kupima uzito, kwenye makundi ya WhatsApp ya akina mama, na sebuleni kwa ndugu huku mtoto ameng'ang'ania simu ya mjomba. Tunazungumzia watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 3 hivi, na kidogo wale wa chekechea. Pale swali moja linapogusa jingine, tumekuelekeza kwa namba ili tusirudie maneno.

## Ya msingi

1. Nipe jibu la haraka: video za elimu zinamfaa mtoto wa chini ya miaka 2?

Hazimfundishi kile kinachoahidiwa kwenye jina lake. Mtoto wa umri huo hujifunza kwa kujibiwa. Anatoa sauti, mtu anamgeukia. Ananyoosha kidole kwa kuku, mtu anasema, "Kuku huyo, anadonoa mchele." Anadondosha kijiko, kinaokotwa, anakidondosha tena, anacheka. Video haijui mtoto ameangalia wapi wala ameguna nini. Inaendelea na wimbo wake.

Wala si sumu. Dakika kumi za katuni siku mama ana homa hazitaharibu mtu. Hasara yake iko kwenye muda inaoukalia: mazungumzo, kutambaa, kuchezea sufuria, kulala.

2. Mbona anatulia tuli akiangalia? Si ndiyo dalili kwamba anajifunza?

Anatulia kwa sababu picha inabadilika kila baada ya sekunde chache, rangi ni kali na sauti haikatiki. Binadamu yeyote hugeukia kitu kinachoshtua jicho, na mtoto mchanga hana uwezo wa kuamua kwamba sasa basi. Kukodoa macho na kuelewa ni vitu viwili. Mwanangu wa kwanza alikuwa akiikodolea feni ya dari nusu saa nzima, na hakuna aliyesema anasomea umeme.

3. Kinachomshinda kuelewa ni nini? Picha si anaiona?

Anaiona, ila hajui picha ni kitu gani. Mpwa wangu alipokuwa na miezi 10, sehemu ya chini ya runinga yao ilikuwa imejaa alama za vidole vya uji. Alikuwa anajaribu kuuchomoa mpira. Anakwaruza kioo, mpira unaondoka, anatazama nyuma ya runinga, anarudi kukwaruza. Watafiti wameona hivyo hivyo kwa watoto wa miezi 9: ukiwapa picha ya kitu, wanajaribu kukishika.

Hata wakishaacha kukwaruza, kazi haijaisha. Kuna jaribio maarufu la mwaka 1998, la Georgene Troseth na Judy DeLoache. Mtoto anaangalia mtu akificha mwanasesere chumba cha pili, kisha anaambiwa akamtafute. Watoto wa miaka 2 waliochungulia dirishani walienda moja kwa moja na kumpata. Wenzao waliotazama tukio lile lile kwenye runinga wengi walipotea. Ilipofika miaka 2 na nusu, mambo yalikuwa yameanza kukaa sawa.

Kwa hiyo anachokiona kwenye kioo bado hakijaungana na chumba alichomo. Watafiti wanalo jina la pengo hili, yaani upungufu wa video, na limejitokeza katika majaribio mengi ya kuiga na ya kujifunza maneno. Mtoto anaweza kuiga jambo kutoka kwenye video, lakini huhitaji kurudiwa mara nyingi zaidi kuliko akionyeshwa na mtu aliye mbele yake.

4. Wataalamu wanasema saa ngapi kwa siku?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa Aprili 2019 uko wazi. Chini ya mwaka 1, asiwekwe mbele ya skrini kabisa. Mwenye mwaka 1, haishauriwi. Kuanzia miaka 2 hadi 4, isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi.

Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao cha AAP, walilegeza kidogo mwaka 2016: chini ya miezi 18 hapana, isipokuwa kupigiana simu za video na ndugu; kati ya miezi 18 na 24, kama mzazi anataka kuanza, achague vipindi vizuri na aangalie pamoja na mtoto.

Saa hizi ni jumla ya siku nzima. Nusu saa kwenye simu ya mama, nusu saa kwa dada wa kazi na "kidogo tu" kwa mjomba vinajumlishwa. Nyumba nyingi hazijumlishi.

## Maneno na lugha

5. Lakini wangu kajifunza maneno kwenye video. Nimemsikia mwenyewe.

Inawezekana kabisa umemsikia. Swali ni nani aliyemfundisha. Mwaka 2010 DeLoache na wenzake walichapisha jaribio la watoto wa miezi 12 hadi 18. Kwa wiki nne, baadhi waliangalia video ya maneno wakiwa na mzazi, wengine waliiangalia bila mzazi kujihusisha, na kundi jingine halikuona video kabisa: wazazi walipewa orodha ya maneno yale yale na kuambiwa wayatumie wanavyotaka katika shughuli za siku. Kundi la nne halikufanyiwa chochote. Mwishoni waliotazama video hawakuwazidi wale ambao hawakufanyiwa kitu. Waliofanya vizuri zaidi ni wale wa orodha tu.

Jambo jingine katika jaribio hilo ndilo lililonigusa. Wazazi walioipenda zaidi ile video ndio walioamini watoto wao wamejifunza mengi kutoka kwayo, na vipimo havikukubaliana nao. Mtoto wa mwaka mmoja hujifunza maneno mapya kila wiki hata usipomfanyia lolote la pekee. Kama kuna video nyumbani, video ndiyo inayopewa sifa, na bibi aliyekuwa akimwogesha huku akimtajia pua, sikio na kitovu hapewi chochote.

6. Nimesikia video zinapunguza maneno ya mtoto. Ni kweli?

Habari hiyo ilitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, wa mwaka 2007. Kwa watoto wa miezi 8 hadi 16, kila saa moja ya video za watoto kwa siku iliendana na kujua maneno 6 hadi 8 pungufu katika orodha ya maneno 90. Kwa watoto wa miezi 17 hadi 24 uhusiano huo haukuonekana.

"Iliendana na" si "ilisababisha". Huenda mzazi mwenye wasiwasi kwamba mtoto anachelewa ndiye anayekimbilia video. Wengine waliorudia kuchambua takwimu zile walipata uhusiano dhaifu zaidi, na mabishano yalikuwa makali. Mimi singeutumia utafiti huu kumtisha mzazi. Ule wa swali la 5 ulikuwa jaribio hasa, nao unatosha.

7. Nataka azoee Kiingereza mapema. Si katuni za Kiingereza zitasaidia?

Hili ndilo swali linaloongoza, na lina mtego ndani yake.

Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake waliwachukua watoto wa Kimarekani wa miezi 9 ambao hawajawahi kusikia Kichina. Kundi moja lilikaa na mtu anayezungumza Kichina, anacheza nao na kuwasomea vitabu, vipindi 12 tu. Kundi jingine liliona watu wale wale kwenye video, na jingine likasikia sauti tupu. Waliokaa na mtu walianza kutofautisha sauti za Kichina. Wa video na wa sauti hawakuambulia kitu, kana kwamba hawakuwahi kuisikia lugha ile.

Kwa hiyo ukitaka Kiingereza, mtafutie mtu anayekizungumza naye. Kama wewe unakimudu na unajisikia huru nacho, zungumza naye. Kama hukimudu vizuri, usimnyime Kiswahili, Kisambaa au Kichaga chako ukasubiri katuni zizibe pengo. Mtoto aliyejaa maneno ya lugha ya nyumbani anapokutana na Kiingereza chekechea tayari anajua lugha inavyofanya kazi: kuuliza, kukataa, kusimulia, kubembeleza.

Nimeona nyumba ambayo mtoto wa miaka 2 na nusu anasema "purple" na "dinosaur", lakini akiwa na kiu analia tu kwa sababu hana neno la kuombea maji. Bibi yake alikuja kutoka Lushoto akakaa wiki moja, akaondoka akisema, "Mjukuu wangu ananiangalia kama mgeni."

8. Anahesabu mpaka kumi na kuimba alfabeti yote. Huo si ushahidi?

Ni ushahidi kwamba ana kumbukumbu nzuri ya wimbo. Jaribu hivi: weka vifuniko vitano vya soda mkekani, mwambie, "Nipe viwili." Watoto wengi wa miaka 2 wanaoimba hadi kumi watakupa kiganja kizima, au kimoja, kisha wakuangalie usoni kuona kama umefurahi. Kuimba namba na kujua wingi ni hatua mbili zinazopishana kwa muda mrefu, mara nyingi mwaka na zaidi.

Usimnyang'anye wimbo wake, ni mzuri. Uhamishie kwenye mikono: vitunguu vingapi, viatu vya baba viko wapi, kimoja kimepotelea wapi.

9. Na zile za kumfundisha kusoma akiwa na miezi 9? Au muziki wa Mozart wa kukuza akili?

Kusoma kwanza. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililochukua watoto 117 wa miezi 9 hadi 18. Nusu yao walitumia kwa miezi saba programu ya video na kadi za kufundisha kusoma. Hawakujifunza kusoma. Wazazi wengi walioitumia, hata hivyo, waliamini wanasoma. Tazama tena swali la 5.

Habari ya Mozart inachekesha zaidi. Ilianza na makala fupi ya mwaka 1993 katika jarida la Nature, na waliopimwa walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, watu wazima. Walisikiliza dakika 10, wakafanya vizuri kidogo kwenye maswali ya kupanga maumbo kichwani, na athari ikaisha baada ya robo saa hivi. Hakukuwa na mtoto mchanga hata mmoja. Mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Zell Miller, akaomba fedha za serikali ili kila mtoto anayezaliwa jimboni humo apelekewe muziki wa aina hiyo nyumbani.

Baby Einstein, kampuni ya video za watoto wachanga, ilizaliwa katika jimbo hilo hilo. Julie Aigner-Clark aliianzisha mwaka 1996 akirekodi nyumbani, na mwaka 2001 ikauzwa kwa kampuni ya Disney. Mwaka 2006 wanaharakati wa watoto walilalamika kwa mamlaka ya biashara ya Marekani kuhusu madai ya elimu kwenye matangazo, na mwaka 2009 Disney ikatangaza kuwarudishia pesa wateja wasioridhika. Leo video za namna hiyo ni za bure mtandaoni, kwa hiyo hakuna wa kudai pesa. Unalipa bando na kuangalia matangazo.

## Nyumbani, siku ya kawaida

10. Hali chakula bila simu. Nikiizima, anafunga mdomo. Nifanyeje?

Hakuna swali linaloulizwa kwa aibu kama hili, na karibu kila nyumba yenye simu mbili imelipitia. Nami nimelipitia. Bakuli la uji mkono wa kulia, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari, mtoto kaachama kama ndege, unachota unamwaga. Bakuli linaisha, unajiona umeshinda.

Kinachotokea ni kwamba mtoto hali, analishwa. Hasikii njaa inapoisha, haangalii chakula, hajifunzi kutafuna, na siku ukimpa kipande kigumu huku macho yake yako kwenye katuni anaweza kupaliwa. Pia unapoteza nafasi kubwa ya maneno, maana mezani ndipo kuna moto, tamu, bado, tosha na lete.

Kuacha kunachukua siku kadhaa ngumu. Anza na mlo anaoupenda zaidi, na wakati ana njaa ya kweli. Maziwa na biskuti za katikati ziondoe. Mkalishe na wenzake, kwa sababu watoto hula wakiona wengine wanakula. Mpe kijiko chake cha kuchafulia. Akila vijiko vinne akageuza uso, inua bakuli bila hotuba. Siku ya kwanza wangu alikula vijiko vitatu mchana kutwa, nami nikalia jikoni. Siku ya tano alikamata kipande cha kiazi mwenyewe. Mtoto mwenye afya akikosa hamu siku moja mbili hafi njaa, lakini kama uzito wake uko chini ya mstari kwenye kadi ya kliniki, au anaumwa, zungumza kwanza na mhudumu wa afya kabla ya kuanza vita hii.

11. Runinga inawaka tu, hakuna anayeiangalia. Hiyo nayo inahesabika?

Inahesabika, na huenda ndiyo inayosahaulika zaidi. Watoto wa mwaka 1 hadi 3 walipoachwa wacheze huku runinga ya watu wazima ikiwaka pembeni, walicheza kwa vipande vifupi vifupi, wakiacha mchezo mmoja na kuokota mwingine. Wazazi nao hupunguza maneno bila kujua. Utafiti wa Dimitri Christakis na wenzake, wa 2009, uliowavisha watoto vinasa sauti, ulikuta kila saa ya runinga inayosikika iliendana na maneno 770 pungufu ya watu wazima aliyoyasikia mtoto.

Tamthilia ikiisha, zima. Kama nyumba ikiwa kimya inakukera, redio ya muziki kwa sauti ya chini ni afadhali, kwani angalau macho na mikono ya mtoto inabaki huru.

12. Sawa, lakini nitapika saa ngapi? Niko peke yangu.

Swali la haki, na anayelijibu kwa dharau hajawahi kukuna nazi na mtoto mgongoni. Mtandike mkeka mahali unapomwona, mbali na moto, na umpe vyombo visivyovunjika: sufuria mbili, mwiko, kikombe cha plastiki, vibanio vikubwa vya nguo. Mtajie unachofanya: "Nakata kitunguu. Kinawasha macho." Hilo tu ni somo la lugha.

Na siku ambayo imeshindikana, mwekee robo saa ya kitu kimoja ulichokichagua, ukizime kikiisha. Robo saa iliyopangwa ni tofauti na simu inayozunguka toka asubuhi.

13. Dada wa kazi ndiye anayemwekea. Nimkataze?

Ukimkataza bila kumpa kitu badala yake, atafanya ukiwa umetoka. Ana kufua, kupika, kuosha vyombo na mtoto, vyote kwa mikono miwili. Kaa naye mpange: saa ngapi kazi nyingine zinasimama anacheza na mtoto, saa ngapi wanatoka nje. Punguza kazi moja. Na simu yako ukirudi jioni iwe mfukoni, kwa sababu naye anakutazama.

14. Anaangalia kabla ya kulala ili achoke. Kuna ubaya?

Upo. Mwanga na msisimko huchelewesha usingizi. Mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji saa 11 hadi 14 kwa siku pamoja na usingizi wa mchana, na wa miezi 4 hadi 11 anahitaji 12 hadi 16. Zima skrini saa moja kabla. Bafu, kanga na wimbo wa kubembeleza, kwa mpangilio ule ule kila siku, vinatosha.

## Akishafika miaka 2 na kuendelea

15. Kwa hiyo kuna umri ambao video zinafundisha kweli?

Kuna. Kuanzia miaka 3 hivi, kipindi kilichotengenezwa kwa umri huo kinaweza kufundisha, na ushahidi mmojawapo uko kwetu. *Akili and Me* inatengenezwa na Ubongo, shirika lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, kwa ajili ya watoto wa miaka 3 hadi 6. Katika utafiti uliofanyika Morogoro, watoto wa umri wa chekechea waliotazama kipindi hicho kwa wiki kadhaa walifanya vizuri kuliko wenzao katika kuhesabu, kutambua maumbo na maneno ya Kiingereza. Kabla ya hapo *Kilimani Sesame*, ndugu wa Kitanzania wa *Sesame Street*, kipindi cha watoto cha Marekani, ilipeleka ujumbe wa malaria na usafi kwa watoto wa umri huo, na ilipopimwa nayo ilionyesha matokeo.

Zingatia umri. Kipindi kizuri kwa wa miaka 4 hakigeuki kuwa kizuri kwa wa miezi 11 kwa kuwa wako kwenye kochi moja.

16. Nitatambuaje video nzuri?

Angalia mwenyewe dakika tano, sauti imefunguliwa. Picha ikae kiasi cha mtu kuitazama. Mhusika aulize kisha *asubiri*; ukimya ule wa sekunde tatu nne ndio nafasi ya mtoto kujibu. Kuwe na kisa kinachoanza na kuisha. Lugha iwe inayosemwa na watu. Kama ni nyimbo zinazounganishwa saa nzima bila pumzi, rangi zinapasuka na hakuna anayezungumza na mwenzake, hiyo ni kelele iliyopakwa rangi.

Halafu kuna hatari ya orodha inayojiendesha. Unaanza na wimbo wa tembo, video inayofuata inajiwasha, baada ya dakika arobaini mtoto yuko kwenye video ya mtu mzima anayefungua mayai ya plastiki, au jambo baya zaidi lenye sura za katuni anazozifahamu. Zima kujiwasha kwa video inayofuata kwenye mipangilio. Bora zaidi, pakua vipindi vitatu vinne na uzime data. Bando nalo litapona.

17. "Angalia naye" maana yake nini hasa? Nikae tu pembeni?

Kukaa pembeni ukichati hakuhesabiki. Sema kinachoonekana, uliza, na baadaye kipeleke nje ya kioo. Mmeona mbuzi kwenye kipindi, kesho mkipita kwa jirani mwenye mbuzi simama: "Yule pale, kama wa jana. Analiaje?" Kwa mtoto wa miaka 2, dakika ile ya uani ndiyo inayolibandika neno.

## Hali za pekee

18. Baba yake yuko Muscat. Simu za video nazo ni mbaya?

Hapana, hizi ni jambo jingine kabisa, ndiyo maana hata AAP iliziacha nje ya katazo lake. Baba anamwona mtoto, anamjibu, anamwita jina. Katika jaribio la mwaka 2014, watoto wa miezi 24 hadi 30 walijifunza maneno mapya ya vitendo (vitenzi) kutoka kwa mtu aliyezungumza nao moja kwa moja kupitia video, sawa na aliyekuwa nao chumbani, lakini hawakujifunza kutoka kwenye video iliyorekodiwa.

Fanyeni fupi, wakati mtoto ameshiba. Mwambie baba asiulize tu "Umeniona? Umeniona?" Afiche uso na kanzu, autoe, aonyeshe chungwa, nawe mpe mtoto chungwa lake. Mtandao ukikwama, mweleze mtoto: "Baba amekatika, anarudi."

19. Ana miaka 2 haongei. Ni simu, ana udata, au ni usonji (autism)?

Haijulikani kwa kuangalia tu, na hapa ndipo naomba usichelewe. Usikae miezi sita ukisubiri kwamba ukizima simu ataongea. Zima simu *na* mpeleke akaonwe.

Dalili za kutosubiri: kufikia miezi 12 habwabwaji wala hanyooshi kidole, miezi 16 hana neno hata moja, miaka 2 haunganishi maneno mawili kama "mama njoo", au, umri wowote, amepoteza maneno aliyokuwa nayo. Kitu cha kwanza ni kupimwa masikio. Mtoto asiyesikia vizuri anaweza kuonekana mtundu au mkaidi, na anaipenda video kwa sababu ya picha.

Udata, yaani ule utepe wa chini ya ulimi uliokaza, huweza kusumbua kunyonya na baadhi ya matamshi, lakini mara chache sana ndio unaomfanya mtoto asiseme kabisa. Usikubali akatwe mtaani, wala kukatwa kimeo. Kuhusu usonji, mtoto mwenye hali hiyo mara nyingi huvutwa sana na skrini, na hapo watu hugeuza habari wakasema skrini imeuleta. Mzigo huo mama asibebeshwe.

20. Macho yataharibika?

Kwa video yenyewe, hofu kubwa ni lugha, usingizi na mwendo kabla ya macho. Hata hivyo kucheza nje kwenye mwanga wa mchana hupunguza uwezekano wa kuwa na macho yasiyoona mbali. Akitoka uani kila siku umetibu mambo mawili.

21. Nimeshamzoesha tangu miezi mitano. Nimeharibu?

Hapana. Mtoto wa mwaka mmoja bado yuko mwanzoni kabisa mwa lugha. Chagua saa moja ya siku ambayo una nguvu, uiwekee shughuli maalumu badala ya simu, kisha uhamie saa nyingine. Atalia. Kilio cha kunyimwa simu kina kelele kuliko vilio vingine na kwa kawaida hupungua ndani ya wiki kama hakuna anayelegea. Tatizo mara nyingi ni watu wazima watatu wenye sheria tatu.

22. Mama mkwe anasema watoto wake walikua na TV na hawakuharibika.

Mpe heshima yake, kisha muulize ilikuwa TV ya aina gani. Zanzibar ilipata televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, Tanzania Bara ilisubiri hadi miaka ya 1990. Ilikuwa ya jirani mmoja mtaani. Ilifunguliwa jioni kwa taarifa ya habari, ilikuwa na kitambaa cha kufumwa juu yake na kufuli kwenye kabati, na mtoto aliiona akiwa amepakatwa katikati ya watu kumi na watano wanaobishana. Hakuna aliyeingia nayo chooni, hakuna aliyeiegemeza kwenye kopo la sukari.